Usilioshe Jeraha la Mkorosho

Iko siku moja, mwanangu Zainabu, ambayo nikiikumbuka hata sasa natamani kuificha mikono yangu. Nilikuwa msichana wa miaka kama ishirini, nimesimama shambani kwetu Ziwani nikiwa na brashi ya kusugulia masufuria mkononi, na mjomba Bakari amesimama mbele ya mkorosho wa bibi akiutazama. Alikuwa ametoka safari muda ule ule, mfuko bado uko begani. Mimi nilikuwa nangoja anisifu.

Nakuandikia kwa sababu jana Jumatano nilikwenda shambani kuangalia kama palizi imeisha, nikakuta patasi imepita kwenye mkorosho wako. Mkato mmoja, urefu wa kiganja, na utomvu umeanza kuganda chini yake. Nikakumbuka ulivyonipigia simu wiki iliyopita ukaniambia umekutana na mnunuzi wa gundi ya mikorosho pale Mtawanya, na kwamba Jumamosi atakuja na watu wake kuigema mikorosho yetu yote kumi na mmoja. Nilikujibu, "Tutaongea." Leo ni Alhamisi na bado hatujaongea. Kwenye simu wewe una haraka, mteja yuko dukani, na mimi nikianza maelezo yangu unasema "sawa mama, sawa mama" mpaka naishiwa maneno. Barua hii ataileta mama yako mdogo Mwanahawa kesho akija Chuno. Usimpe chai kabla hujaisoma, maana akishaanza kuzungumza hutaisoma tena.

Sikugombezi. Mkorosho ule ni wako, ulionyeshwa siku uliyotoka unyagoni, na mtu hakatazwi kugusa chake. Ila nina wasiwasi, na wasiwasi wenyewe ni mkubwa kwako kwa umri.

Unaijua desturi ya nyumbani kwetu. Kila msichana akitoka ndani huchukuliwa na mjomba wake mpaka shambani, akaonyeshwa mkorosho mmoja na kuambiwa huu ni wako. Mikorosho yote ile ilitokana na korosho za mti mmoja, alioupanda bibi yangu mzaa mama alipohamia pale akiwa bado kijana. Mkorosho wa bibi ulikuwa mnene, watu wawili hawaukumbatii, na matawi yake yalikuwa yamelala chini pande zote kama mtu aliyejitandaza mkekani. Bibi alipofariki, mti ule ukabaki bila mtu. Mjomba alikuwa amesema ataupokea Mwanahawa, mdogo wangu, akishatoka unyagoni. Mwanahawa wakati huo alikuwa bado mtoto wa kucheza rede.

Mwaka huo mjomba alipata habari ya msiba ng'ambo ya Ruvuma, kwa ndugu zetu wa Msumbiji. Akafunga safari, akaniambia atakaa mpaka arobaini ipite. Shamba akaniachia mimi. Maagizo yake yalikuwa mafupi: nifagie chini ya miti, nikiona maua yanapata unga mweupe wa ubwiri nipulizie salfa, na zaidi ya hapo nisiguse kitu. Mimi nikaitikia "ndiyo mjomba" kwa sauti nzuri kabisa. Nilikuwa fundi wa kuitikia.

Hazikupita siku kumi akaja mtu mmoja na baiskeli na debe, ananunua gundi ya mikorosho. Alisema inakwenda kutengenezewa dawa na rangi. Sikumuuliza zaidi, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yameshajaa sauti ya cherehani. Wenzangu wawili walikuwa navyo, wanashona magauni ya sikukuu, na mimi nilikuwa nashona kwa sindano ya mkono mpaka vidole vinaota sugu. Nilitaka cherehani, mwanangu, kuliko nilivyotaka kuolewa. Wewe unataka kupanua duka. Naielewa hamu hiyo, ndiyo maana siicheki.

Yule mtu alinionyesha namna ya kugema. Unachonga ganda kidogo, unauacha mti wenyewe wa ndani, halafu unangoja. Mikorosho mingine niliiogopa kwa sababu kila mmoja ulikuwa na mwenyewe, hata wangu niliuonea huruma. Wa bibi nikajiambia hauna mwenyewe. Ndivyo nilivyofikiri, na nakuandikia kama nilivyofikiri ili unione nilivyokuwa. Siku ya kwanza nilichonga vizuri, utomvu ukatoka, ukaganda rangi ya asali. Siku ya nne ukapungua, nikachonga juu kidogo. Ukapungua tena, nikachonga pembeni. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimeuzunguka mti karibu wote, na mahali pengine patasi ilikuwa imepita ganda ikaingia ndani.

Lakini hilo la kuchonga ni nusu tu ya kosa langu, na kwa nusu hiyo nisingekusumbua kwa barua ndefu hivi. Kosa lenyewe lilianza pale majeraha yalipotoa majimaji. Yalikuwa na harufu ya uchachu, na sisimizi wakaanza kupanda. Unanijua mimi na uchafu. Nilikwenda nyumbani nikachukua brashi ya masufuria na sabuni ya mche, nikayasugua yale majeraha moja moja mpaka yakang'aa. Kesho yake nikarudia. Kisha nikapata wazo nililoliona la akili sana: nikachota salfa, nikaikandika kwenye kila jeraha. Kwetu salfa ndiyo dawa. Ua likipata ubwiri, salfa. Mtu akipata upele, wapo waliopaka salfa hiyo hiyo. Nani angenikosoa?

Hakuna aliyenikosoa. Jirani yetu Bi Fatu, aliyekuwa mtani wangu mkubwa, alipita akasimama akacheka: "We Somoe, nti umeusinga liwa kama mwali." Kwa Bi Fatu mti ulikuwa nti maisha yake yote, na hakuona sababu ya kubadili. Nikacheka naye. Kweli mti ulikuwa wa manjano kuanzia kiunoni kwenda chini, na mimi nikauona umependeza.

Baada ya wiki mbili hivi nikaona majani ya tawi la upande wa mashariki yamegeuka rangi. Nikasema ni upepo. Siku chache baadaye ncha za tawi lile zikakauka, na la pili yake likaanza. Nikasema ni jicho la Bi Fatu, Mungu anisamehe, mama wa watu hakuwa na kosa. Nikawa naamka asubuhi, kabla sijanawa uso nakwenda shambani kuangalia. Nilikuwa nachagua tawi moja nahesabu majani mabichi yaliyobaki, kesho yake nahesabu tena. Nikabeba maji kisimani ndoo kwa ndoo nikamwagia shina. Na kila nilipozidi kuogopa nilizidi kusugua, nikazidi kupaka salfa, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichojua kufanya. Hofu ndivyo ilivyo, mwanangu. Inakupa kazi ya kufanya, na wewe ukiwa na kazi mkononi unajiona unasaidia.

Katika hali hiyo ndipo mjomba akarudi.

Aliutazama mti, akauzunguka, akaniangalia mimi na brashi yangu.

"Brashi ya nini hiyo?"

"Naosha majeraha, mjomba. Yalikuwa yananuka."

Akainama, akasogeza pua kwenye jeraha moja, kisha jingine, kisha la tatu. Alikuwa mtu wa kunusa vitu, hata maji ya kunywa alinusa kwanza.

"Sasa hayanuki," nikasema.

"Kweli," akasema. "Hayanuki kabisa." Akakaa chini palepale kwenye majani makavu, mfuko akauweka mapajani. Nilingoja anipige au atukane. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Chungu cha mama cha kuvundikia nhogo unakikumbuka?"

Nilikikumbuka. Bibi alikuwa na chungu kimoja cheusi cha kuvundikia muhogo kabla ya kuuanika. Hakukiosha kwa sabuni hata siku moja. Alikisuuza kwa maji, akabakiza chini kidogo yale ya zamani, akatia muhogo mwingine. Siku moja shangazi mgeni alikisugua kwa majivu na sabuni ili kumsaidia, na muhogo uliotiwa baadaye ukaoza, ukatoka utelezi na harufu ya kitu kilichokufa. Bibi alinuna wiki nzima.

"Kwa nini uliharibika?" mjomba akauliza.

"Sijui. Bibi alisema chungu kina wenyewe ndani, wakifukuzwa wanaingia wengine."

"Na nti je?"

Nikaificha brashi nyuma yangu. Mjomba hakuwa amesoma, mwanangu, hakuwa na jina la hao wenyewe wala hakuwahi kuwaona. Lakini alikuwa amekata mikorosho miaka yote ya maisha yake, amepunguza matawi, amenusa majeraha yanayopona na yasiyopona, akajua yale yanayopona yana harufu kidogo ya chungu cha mama yake. Akaniambia, "Kukata umekata, hilo ningelimeza. Nti unakatwa, unalia, unanyamaza. Lakini wewe umekata, ukawanywesha sabuni waliobaki kuuguza." Kisha akainuka akaenda nyumbani kuwasalimia watu. Hakulizungumza tena. Afadhali angenipiga.

Mkorosho wa bibi haukutoa ua mwaka uliofuata. Mwaka wa pili yake shina lilipasuka, mchwa wakaingia. Mjomba alikataa usikatwe, ukasimama vile vile mkavu katikati ya shamba mpaka ulipoanguka wenyewe, na kila siku ya kufagia nilifagia chini yake pasipo na jani hata moja la kufagia.

Mwanahawa alipotoka unyagoni, mjomba alimshika mkono mpaka shambani na sisi tukafuata nyuma kwa vigelegele. Pale alipofika alisimama tu. Hakuwa na mti wa kumwonyesha. Nikaona uso wa mdogo wangu umeanza kubadilika, nikapita mbele, nikaushika mkorosho wangu nikasema, "Huu ndio wako." Watu walipiga vigelegele tena, wakadhani ndivyo ilivyopangwa. Ndiyo maana mpaka leo mimi sina mkorosho. Umekua unaniona nafagia chini ya mikorosho ya watu wote, hukuwahi kuniuliza wangu ni upi.

Sasa ngoja nikueleze nilichojifunza ukubwani, maana nisingetaka uniambie ni mambo ya kina mjomba. Unajua nilifanya kazi ya kuosha vyombo vya maabara kwenye kituo kimoja cha utafiti wa kilimo mpaka nikastaafu. Ndiyo, kuosha, maisha yangu yote ni brashi. Mle ndani alikuwepo dada mmoja mtaalamu, mtu wa Bara, akiitwa Neema, mpole, aliyepeperusha kanga yangu kila akipita kwa mwendo wake wa haraka. Siku moja nilikuta kwenye meza yake visahani vyenye vidoa vya rangi ya maziwa. Nikamuuliza ni ugonjwa gani huo. Akasema, "Si ugonjwa, mama Zainabu. Ni bakteria waliotoka ndani ya kijiti cha mkorosho mzima."

Nikamwambia mkorosho mzima hauwezi kuwa na bakteria. Akacheka, akavuta kiti akanikalisha. Akanieleza kwamba ndani ya mti, kwenye ganda na mpaka kwenye mbao, wanaishi vijidudu wengi wasioonekana kwa macho, na wengi wao ni wenzi wa mti. Wapo wanaousaidia kupata chakula, wapo wanaouzuia ukungu mbaya usishike, wapo ambao kazi yao wataalamu wenyewe bado wanaitafuta. Mti ukigemwa, alisema, jeraha linaingiza hewa na wageni, utomvu unaotoka ni dawa ya mti wenyewe na una nguvu ya kuua baadhi ya vijidudu, na mti unatumia nguvu nyingi kuutengeneza mwingine. Basi mle ndani wakazi wanabadilika. Wema wengine hupungua, na wale waliokuwa wachache hupata nafasi. Ukigema kidogo na kuuacha mti upumzike, huenda mambo yakarudi. Ukigema bila kupumzisha, huenda yasirudi.

Nilimuuliza inachukua muda gani kurudi. Akasema kwa mkorosho hajui, na hataki kunidanganya. Nilimpenda kwa jibu hilo, ingawa liliniacha na wasiwasi mpaka leo.

Kisha nikamsimulia habari ya brashi na salfa. Akasema hawezi kuapa kwamba ndicho kilichouua mti, kwa kuwa miaka ni mingi na nilikuwa nimeuzunguka kwa patasi, hilo peke yake linatosha kuua. Lakini akaniuliza, kwa upole wake ule, kwa nini nilikuwa na uhakika kwamba kila kinachoishi kwenye jeraha ni adui. Nikamwambia chungu cha bibi yangu. Akaandika kwenye daftari lake, na mimi nikarudi kwenye beseni langu nikaosha vile visahani huku machozi yakidondokea ndani. Hakuna aliyeuliza, maji ya sabuni hayaonyeshi.

Sasa nije kwako. Nilipoukuta ule mkato jana, nilijisemea mkato mmoja si neno. Kisha nikasogea karibu. Ulikuwa na rangi ya manjano. Umeusugua, mwanangu, ukaupaka salfa. Hakuna aliyekufundisha, mimi sijawahi kukuhadithia, na umefanya vile vile, mahali pale pale juu kidogo ya kiuno. Nilikaa chini kama alivyokaa mjomba. Nikaelewa kwamba kunyamaza kwangu ndiko kulikokufundisha. Nilificha aibu yangu, na wewe ukakua ukiona mama anayesugua kila kitu.

Nasaha yangu ni hii, nawe uisome polepole. Kabla ya Jumamosi mpigie mnunuzi simu umwambie asije na watu wake kwa mikorosho yote. Mikorosho ile kila mmoja una mwanamke nyuma yake, na hata ule unaouona hauna mtu, una wakazi ndani waliotangulia kuliko sisi. Kama unataka kuijua kazi hii ya gundi, jifunze kwa mkato ule mmoja uliokwishaukata. Usiongeze wa pili mpaka uone wenyewe umefunga. Uukinge tu mbuzi wasiufikie, usiuguse kwa sabuni, usiukandike dawa ya maua. Salfa ni ya ua lenye ubwiri, na hapo iheshimu. Uvumilie uone jeraha likiwa baya kwa macho, lina majimaji, lina sisimizi mmoja wawili, na mikono yako uiweke nyuma. Najua ni kazi ngumu kuliko kusugua. Kwangu ilikuwa ngumu mno. Na hili si la mti peke yake. Utakapokuwa na jambo linaumwa, nyumba au mtoto au ndoa, uulize kwanza ni nani ndani yake wanaoliuguza, kabla hujaingia na brashi yako ukawafukuza. Duka litapanuka kwa njia nyingine; mimi nina vikanga na vyerehani viwili ndani, kimoja ni chako, nilikuwa nangoja uolewe nikupe lakini chukua tu.

Leo asubuhi nimerudi shambani. Sikuchukua kitambaa wala maji. Ile salfa nimeipuliza kwa mdomo, iliyotoka imetoka, iliyobaki nimeiacha. Nikasogeza pua kama mjomba. Kuna harufu kidogo ya uchachu, kama chungu cha bibi siku ya kwanza ya kuvundika. Au labda ni pua yangu tu inataka iwepo. Nitakwenda tena kesho, na keshokutwa Jumamosi asubuhi njoo wewe unuse, pua yako bado changa.

Mwenyezi Mungu akuwekee wema ndani yako usiowaona, awazidishe, asikuondolee hata mmoja kwa mkono wangu wala kwa mkono wako. Akupe subira ya kuacha kitu kipone. Na mkorosho wako auponye, mwanangu, aje auonyeshwe binti yako.

Mama yako,
Somoe